Kitanda cha Upande wa Kushoto

Glenys Trewin aliendesha basi la shule muda mrefu mpaka watoto aliowabeba wakakua, wakaoa, wakaanza kumsimamisha barabarani wampakie watoto wao. Kule Bairnsdale, kusini mwa Australia, ukisema "basi la Glenys" hakuna aliyekuuliza ni lipi. Ni lile lisilochelewa, lile ambalo vitoto vya mashambani viligombania viti vya nyuma mpaka dereva atupe jicho moja kwenye kioo, halafu kila mmoja anajifanya anasoma. Mwanamke mfupi, mpana wa mabega, nywele kazikata mwenyewe mbele ya kioo cha bafuni, na inaonekana.

Lakini kilichompa jina hasa hakikuwa basi. Kilikuwa kurudi nyuma na trela. Pale Paynesville, kwenye mteremko wa kushushia mashua ziwani, wanaume waliostaafu huja Jumapili asubuhi na viti vyao vya kukunja na chai yao ya chupa, wakakaa kutazama watu na ndoa zao. Mume yuko ndani ya gari, mke yuko majini hadi magotini anapiga kelele "kushoto, kushoto!", mume anakata kulia, trela linajikunja, na hapo yanatoka maneno ambayo hata ng'ombe wangeinua vichwa. Wazee wale hawajapata sinema nzuri kuliko hiyo. Sasa akija Glenys, waliweka vikombe chini kwa heshima. Trela lilishuka limenyooka hadi majini, kwa mara moja, huku yeye ameegemeza kiwiko dirishani. Mumewe Murray alisimama kando, mikono mfukoni, akiangalia kama mwenye mali.

Murray alikuwa fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe. Mtu mrefu, mkimya, mikono yake safi ajabu kwa kazi ile. Maneno yake yalikuwa ya kuhesabu, na Glenys tangu ujana wao alikuwa na tabia ya kuyajazia mwenyewe yale yaliyobaki. Murray akisema "kuna upepo", Glenys alisikia "vaa koti, utapata mafua". Murray akisema "viazi vimeiva", alisikia "asante kwa kupika". Aliishi hivyo miaka yote na alijiona tajiri. Mimi simcheki. Wangapi wetu tunaishi na watu tuliowatunga nusu?

Walikuwa na ndoto moja iliyokuwa na jina lake, nalo lilikuwa "tukistaafu". Watu wa yale maziwa, baridi ikikaribia, hufunga mashua zao nyuma ya gari wakaelekea kaskazini, Queensland, kwenye maji ya vuguvugu. Wanazishusha huko, wanaishi ndani yake miezi mitatu minne, wanalala kila siku ghuba nyingine, na jua likirudi kusini nao wanarudi, wameungua pua na wana hadithi za kuchosha majirani. Glenys na Murray walikuwa na kimashua kidogo cha wazi, cha kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kwa safari ile walihitaji kubwa zaidi, yenye kichumba cha kulala, lakini bado nyepesi ya kuvutwa na gari.

Murray alipostaafu, Glenys alikuwa bado ana miaka yake ya kuendesha. Akaiacha kazi. Hakuna aliyemlazimisha. Siku ya kukabidhi funguo walimkatia keki, na kabla ya keki alikwenda nyuma ya karakana, akaweka kiganja kwenye ubavu wa basi, akalia kidogo, akajifuta, akarudi kula. Dadake Noelene alimkuta na macho mekundu.

"Unalia nini? Si umeacha mwenyewe?"

"Nimeacha mwenyewe ndiyo. Nataka kwenda na mume wangu. Basi haliwezi kunisubiri, na yeye pia hawezi kunisubiri."

"Na mashua yenyewe iko wapi?"

"Tunaichagua."

Walichagua kiangazi kizima na kingine tena. Anayedhani kuchagua mashua ya namna ile ni kazi rahisi, na ajaribu. Ukitaka ndani usimame wima, inakuwa nzito na gari linakohoa kwenye kila kilima. Ukitaka nyepesi, ndani unatambaa kama mtoto wa miezi minane. Mkuku wa chini ya mashua usiopanda juu unakwenda vizuri kwenye upepo lakini haukai kwenye trela, na ule unaopanda unakula nafasi katikati ya chumba, mnagonga magoti mchana kutwa. Kila kizuri unachokipata umekinunua kwa kizuri kingine.

Wao walikuwa na utaratibu wao. Kabla ya kugonga ubavu kusikiliza kama umeoza, kabla ya kuuliza tanga lina umri gani, walivua viatu, wakaingia ndani, wakajilaza. Glenys kitanda cha kushoto, Murray cha kulia, kama nyumbani. Wakafumba macho. Mwenye mashua alibaki nje anakuna kichwa, hajui kama wateja wamelala kweli au wamefariki. Walikaa hivyo mpaka mmoja aseme "hapana", na mwingine aseme "hapana", wakatoka.

Mashua ya kwanza ilinuka panya. Ya pili choo chake kilikuwa katikati ya mito miwili, kina kifuniko cha maua.

"Yaani mtu ajisaidie huku mwenzake anamtazama usoni?" Glenys aliuliza. "Ndoa ina mipaka, Murray."

Murray alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye dari. Ile ya tatu ilikuwa ya mbao. Glenys alibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikaingia kama kwenye mkate. Kila Jumamosi hivyo. Wakitoka wanakula pai za nyama ndani ya gari, wanasema ubaya wa mashua ya watu, na Glenys anaona kwamba hata wasiponunua kitu maisha haya yanamtosha.

Halafu wakaipata Marigold. Ilikuwa ya mjane mmoja kule Metung, imefunikwa turubai chini ya mti, pana, nyeupe, vitanda viwili virefu, jiko dogo linaloning'inia lisimwage chai. Juu ya kitanda cha kushoto palikuwa na kidirisha, na kupitia kidirisha kile Glenys, akiwa amelala chali, aliwaona bata-maji weusi wakipita ziwani. Hakusema hapana. Alinyoosha mkono akamgusa Murray kwenye kitanda cha upande wa pili.

"Ndiyo hii," alinong'ona.

Murray alitoka nje kumuuliza mjane swali moja. "Mlingoti huu, mtu mmoja anaweza kuuinua?"

"Thubutu!" mjane alisema. "Huo ni wa wawili. Marehemu alikuwa anausukuma kutoka juu ya chumba, mimi navuta waya kule mbele. Ukiuachia katikati unampasua mtu kichwa. Ukitaka kujua kama unampenda mumeo, simamisha naye mlingoti siku ya upepo."

Wote watatu walicheka. Lakini Glenys alijishika bega. Bega lake la kulia lilikuwa limeganda tangu mwaka uliopita. Lile bega la kufungulia mlango wa basi. Hakuweza kuinua mkono kupita sikio. Kwenye kimashua chao cha zamani yeye ndiye aliyevuta waya wa mbele miaka yote, na sasa akivuta aliuma meno asitoe sauti. Hakuwa amemwambia Murray jinsi linavyouma. Kumbe ameona mwenyewe! Kumbe mtu mkimya naye anatazama!

Ndani ya gari alimshika goti. "Asante."

"Ya nini?"

"Unajua ya nini. Kwa hilo swali."

Murray alimtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyetuliwa mzigo, akarudisha macho barabarani. Wakaiacha Marigold. Ilimuuma Glenys, lakini ni maumivu ya mtu anayependwa, na hayo aliyabeba vizuri.

Tangu siku hiyo kila mashua iliulizwa swali lile lile. Mtu mmoja ataweza kuinua mlingoti? Mtu mmoja ataweza kushusha tanga bila kuuachia usukani? Mtu mmoja ataweza kuipandisha kwenye trela? Na kila mara Glenys alisimama nyuma ya mumewe, akijishika bega, anajisikia kama binti anayeposwa.

Waliyoinunua mwishowe ilikuwa kwa Des Kittelty, mwenye yadi ya mashua kule Lakes Entrance. Iliitwa Linnet. Nyembamba, nyepesi, kamba zote zimeletwa nyuma hadi kwenye mkono wa usukani, mtu akae hapo hapo avute chochote anachotaka. Mlingoti wake ulikuwa na nguzo ya kusaidia na winchi: unazungusha mpini polepole na mlingoti unainuka wenyewe. Mmiliki wake wa zamani alikuwa mzee aliyezunguka nayo bila mtu wa kumsemesha, na kwa kuwa hakuwa na wa kumsemesha, kitanda cha kushoto alikikata. Mahali pake aliweka tangi la maji na kabati la vyakula vya makopo.

Walivua viatu, wakaingia. Murray akajilaza upande wake. Glenys akatafuta pa kulala, akakosa, akakaa juu ya tangi na magoti kifuani. Murray alifumba macho. Alikaa muda mrefu kuliko kwenye mashua yoyote, na usoni mwake kikaja kitabasamu ambacho Glenys hakukifahamu.

"Na mimi?" aliuliza, kwa utani.

"Kinaweza kurudishwa," Murray alisema.

Yaliyobaki Glenys aliyajaza mwenyewe, kama kawaida yake. Alisikia: nitakirudisha, mimi na mikono yangu, kabla hatujaondoka. Akasema ndiyo. Akamshika mkono Des Kittelty kwa furaha kabla hata mumewe hajamshika.

Noelene alikuja kuiona Linnet ikiwa uani. Aliingia, akatoka, akasimama na mikono kiunoni.

"Glen, hii ina kitanda kimoja."

"Cha pili kinarudishwa."

"Na nani?"

"Na Murray. Ni fundi, umesahau?"

"Fundi amejenga kabati la pili juu ya tangi, nimeliona sasa hivi, limejaa maharage. Mtu kakununulia baiskeli isiyo na kiti cha nyuma, wewe unamshonea mto wa kukalia!"

Kweli alikuwa anashona. Alinunua kitambaa cha manjano, akapima, akashona magodoro mawili, moja la kulia na moja la kushoto. La kulia lilikwenda kwenye mashua. La kushoto lilisimamishwa nyuma ya mlango wa chumba cha wageni, likingoja.

"Wewe hujawahi kumpenda Murray," Glenys alisema.

"Mimi sina haja ya kumpenda, wewe unampenda kwa niaba ya mtaa mzima. Haya, na hili je? Juzi nimemkuta uwanja wa mpira, peke yake, na trela tupu. Kapanga masanduku ya bia chini, anajifunza kurudi nyuma. Kayakanyaga yote. Mwanamume ana mke anayerudisha nyuma hata treni, anajifunza kwa nini?"

Glenys aliacha kushona. Macho yakamjaa maji. "Ananihurumia bega," alisema. "Hataki nigeuze shingo."

Noelene alimtazama dadake kama unavyomtazama mtu anayevuka barabara bila kuangalia, akachukua mkoba wake. "Basi sawa," alisema. "Nipe kipande cha keki niende."

Ilibaki wiki moja waondoke. Miti ya mjini ilishaanza kuangusha majani. Jumapili walikwenda Paynesville kuijaribu Linnet na mzigo wake wote kwa mara ya mwisho. Glenys aliiteremsha kama siku zote. Wazee wakaweka vikombe chini. Kabla ya kuishusha majini Murray alikuwa ameinua mlingoti mwenyewe kwa winchi, tratratra, bila kumwomba mtu hata amshikie kofia. Wazee wakapiga makofi. Glenys naye alipiga, mkono wa kushoto ukifanya kazi zaidi ya wa kulia. Kisha Murray akaizungusha mashua hadi gatini kwa mashine, akaanza kupanga kamba zake, na Glenys akaegesha gari na trela pale juu.

Akiwa anashuka kwa miguu alipita mbele ya viti. Clarrie Bodsworth, aliyekuwa kama mwenyekiti wa wale watazamaji, mzee mwema asiye na hila hata kidogo, alimvutia kiti.

"Kaa kwanza, Glen. Nataka nikwambie kitu. Wewe una moyo mkubwa sana."

"Nimefanya nini tena?"

"Wangu angenikata miguu. Ningemwambia nakwenda kaskazini peke yangu mwaka mzima, na labda mwingine juu yake, angeninyonga na waya wa mlingoti. Lakini wewe unazunguka naye, unamsaidia kuchagua, unamshonea mpaka godoro! Des anasema hajaona ndoa kama hiyo. Siku ya kwanza kabisa Murray alimpigia simu akasema nataka mashua ya mtu mmoja, mimi na mke wangu tunazunguka kuitafuta pamoja. Des alidhani ni masihara."

Wazee wengine walitikisa vichwa kwa kumsifu. Wote walijua! Ubaya ulianzia hapo. Glenys aliwatazama mmoja mmoja, nyuso alizozijua miaka, wengine alibeba watoto wao, na kila uso ulikuwa unampongeza kwa jambo ambalo yeye hakuwa analijua. Alitabasamu kwa sababu uso ulikuwa umeshazoea kutabasamu mahali pale, akasema "ndiyo hivyo", akaenda zake gatini. Miguu ilikwenda yenyewe.

Murray alikuwa ameketi sehemu ya nyuma ya Linnet, anafunga mpira wa kushikilia mkono wa usukani ili mashua ijiendeshe wakati mtu yuko ndani anapika chai. Glenys alishika kamba iliyofungwa gatini. Alihitaji kushika kitu.

"Murray. Mimi nitalala wapi?"

Alimaliza fundo lake kwanza, na Glenys hakuja kumsamehe fundo lile.

"Nilidhani unajua, Glen."

"Najua nini?"

"Sikukuficha. Kila mashua niliuliza mbele yako. Mtu mmoja anaiweza? Mtu mmoja, mtu mmoja. Wewe umesimama pale pale. Mimi si mtu wa kukaa mezani nikatangaza. Nilisema, tutazunguka, ataona, atazoea polepole." Sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya mtu anayeeleza mashine inavyofanya kazi. "Na ulinishukuru. Kwenye gari, siku ya Marigold. Nikasema, basi ameelewa na ameniruhusu. Nilikuona mwanamke wa ajabu, wallahi."

"Nilidhani ni kwa ajili ya bega langu."

Murray alimtazama. Alitafuta kwenye uso wake, akatafuta kwenye mikono yake, na Glenys akaona waziwazi kwamba hajui aanzie upande gani.

"Bega gani?" alisema.

Angemwambia yuko mwanamke mwingine kule Queensland, Glenys angejua la kufanya. Angepiga kelele, angerusha viatu, Noelene angekuja na chupa ya mvinyo wangemsema mwanamke huyo hadi kuche. Lakini hakukuwa na mwanamke. Hakukuwa na mtu yeyote. Alikuwa ameachwa ili mtu akakae na makopo ya maharage na tangi la maji, na amechezewa shere viangazi viwili bila mchezaji hata kujua kwamba anacheza. Jumamosi zote zile. Pai zote zile. Kila neno alilolijaza mwenyewe kwenye ule ukimya lilimrudia sasa likiwa tupu, na aliona aibu kuliko alivyoona hasira, aibu ya moto, masikioni na shingoni. Basi lake sasa lilikuwa likiendeshwa na mtu mwingine. Aliacha watoto wale, barabara zile, ukungu wa asubuhi kwenye mashamba, kwa ajili ya kitanda kilichokatwa kabla hajakiona.

"Ungerudi?" aliuliza.

"Sijui. Sijafikiria mpaka huko."

"Niliacha basi, Murray."

"Hilo sikukuomba, Glen."

Na kweli hakumwomba, na ndiyo maana iliuma namna ile.

Upepo wa magharibi ulianza kuvuma, maji yakapandisha vishungi vyeupe, na Linnet ikaanza kugonga gati. Murray aliinuka akatazama mbinguni, akatazama mteremko, akatazama gari lililoegeshwa juu. Mambo ya upepo alikuwa anayajua. Usoni mwake palionekana nafuu, kama mtu aliyepata kazi ya kufanya.

"Hapa itavunjika," alisema. "Fungua hiyo kamba nisogee mbali kidogo. Halafu leta trela, tuitoe kabla upepo haujazidi. Tutaongea nyumbani. Mimi bado sijaweza vizuri kurudi nyuma."

Glenys alifungua kamba. Aliikunja vizuri, kama alivyofunzwa na Murray mwenyewe walipokuwa vijana, akamrushia, naye akaidaka. Mashua ikaachana na gati, maji katikati yao yakapanuka. Murray alikaa kwenye nafasi yake moja, kamba zote zimemfikia mkononi, na kwa kweli alipendeza pale. Kila kitu kilikuwa kimekaa kwa kipimo chake. Glenys alimtazama mpaka akahakikisha amemwona.

Kisha akapanda mteremko. Alipita mbele ya viti bila kusimama, akaingia kwenye gari, akawasha. Wazee waliweka vikombe chini, wakajitengeneza kwenye viti vyao kumwona akirudi nyuma. Ziwani Murray alikuwa ameshaielekeza Linnet ufukweni, mkono juu, anamwonyesha apite kushoto kidogo.

Gari lilikwenda mbele.

Lilikata kona ya choo cha umma, likapita duka la chambo, trela tupu likirukaruka nyuma yake na minyororo ikigonga lami. Clarrie aliinuka mbio na magoti yake mabovu, chai ikamwagika kwenye suruali, akalifikia dirisha gari liliposimama kwenye kibao cha barabarani.

"Glen! We Glen! Umeisahau mashua!"

Glenys alishusha kioo. Alikuwa analia wazi, hajifichi, pua inatiririka, na mkono wake wa kulia umeshindwa kupanda kujifuta.

"Sijaisahau, Clarrie," alisema. "Mtu mmoja anaiweza. Tuliuliza."